Kitambaa cha Zamani, Jina la Juzi

Mwaka 1815 Lord Macdonald, mkuu wa ukoo mmojawapo mkubwa wa Nyanda za Juu za Uskoti, alipokea ombi kutoka London. Chama cha watu wenye asili ya nyanda hizo, Highland Society of London, kilikuwa kinawaandikia wakuu wa koo kwamba kila mmoja alete kipande cha kitambaa cha mirabaraba, yaani tartani, cha ukoo wake, akitie sahihi na muhuri, kiwekwe kumbukumbu ya vizazi vijavyo. Macdonald alijibu kwa unyofu ambao wakubwa wengi wangeuonea haya. Alisema kwa kweli hajui kitambaa cha Macdonald ni kipi hasa, akawaomba wenye chama wafanye kila njia wamtafutie kilicho halisi. Mwenzake, Robertson wa Struan, aliwaendea wazee wa ukoo. Kila mzee alidai anakijua, na kila mmoja akaeleza chake.

Leo mtu akiingia duka la nguo kwenye barabara ya Royal Mile mjini Edinburgh, ataulizwa jina lake tu. Ni MacPherson? Campbell? Fraser? Muuzaji ataunyoosha mkono kwenye rafu na kushusha kitambaa cha ukoo huo, pamoja na skafu, tai na kofia za rangi zilezile. Lililomshinda mkuu wa ukoo mwaka 1815 sasa linachukua dakika mbili.

Njia ya kutoka barua ile hadi rafu ile imepita kwa wafumaji, wabunge, wanajeshi, mfalme mnene na ndugu wawili waongo. Watafiti wa mavazi ya Kiskoti wameifuata kwa zaidi ya miaka mia, wakigombana njiani, na wengi wa mwanzo walikosea kwa sababu walianzia kwenye jina. Walioanzia kwenye kitambaa chenyewe, uzi kwa uzi, ndio waliofika mbali.

Ushahidi wa zamani kuliko wote ulitoka kwenye chungu. Katika miaka ya 1930, karibu na mji wa Falkirk, jirani na ukuta ambao Warumi waliujenga kuikata Uskoti katikati, kilichimbuliwa chungu chenye sarafu za fedha zinazokaribia 2,000. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa kitambaa cha sufu cha mirabaraba, nyuzi nyepesi na nyuzi nyeusinyeusi, rangi za kondoo mwenyewe bila kutiwa dawa. Ni cha karne ya 3, na sasa kimehifadhiwa katika makumbusho ya taifa mjini Edinburgh. Watu hupenda kukiita tartani ya kwanza, ingawa hapo wanatia chumvi. Na tukisema chumvi, migodi ya chumvi ya Hallstatt kule Austria imetoa vitambaa vya mirabaraba vyenye umri mkubwa zaidi. Kukatiza nyuzi za rangi mbili ni jambo ambalo mfumaji yeyote duniani atalifikia akichoka na rangi moja.

Tartani ya Kiskoti ina kanuni zake. Mpangilio wa rangi kwenye mtande, zile nyuzi ndefu zilizotandwa kwenye kitanda cha kufumia, unarudiwa uleule kwenye mshindio unaopita kukatiza. Mshindio unaruka nyuzi mbili na kupita chini ya mbili, kila mstari ukisogea hatua moja, ndiyo maana kitambaa kikitazamwa kwa karibu kina vimistari vya mshazari. Rangi moja ikikutana na mwenziwe inazaa rangi ya tatu ya kati. Mfumaji mwenye rangi tatu anapata sita, na mwenye sita anapata ishirini na moja. Kwa hesabu hiyo mtu masikini mwenye vyungu vichache vya rangi aliweza kuonekana tajiri kutoka mbali.

Vazi lenyewe la mwanamume, katika karne ya 17, halikuwa kilti, ile sketi ya marinda inayofahamika leo. Lilikuwa shuka. Kwa Kigaeli, lugha ya Nyanda za Juu, liliitwa feileadh mòr, na lilikuwa refu kiasi cha mita nne hadi tano, upana wa mita moja na nusu hivi. Vitanda vya kufumia vilikuwa vyembamba, kwa hiyo shuka liliunganishwa kwa kushona vipande viwili ubavuni. Mvaaji alilikunja marinda kiunoni, akalifunga kwa mkanda, sehemu ya chini ikafika magotini na ya juu akaipandisha begani na kuibana kwa bizimu, lubega kabisa. Mvua ikija alijitanda kichwani. Usiku alifungua mkanda akajifunika. Kwa mtu aliyelala nje na ng'ombe katika baridi ya milima ile, nguo iliyokuwa pia blanketi ilikuwa na akili kuliko suruali.

Waliolitaja shuka hilo mapema ni wageni na majirani. Maandishi ya Kiayalandi juu ya mwaka 1594 yanawaeleza askari wa kukodiwa kutoka visiwa vya Hebrides, wanaotambulikana kwa kufunga mikanda juu ya mashuka yao. Mwaka 1582 mwanazuoni George Buchanan alikuwa ameandika kwamba watu hao walipenda mirabaraba, lakini wengi siku zile walichagua rangi ya kahawia inayofanana na vichaka ili wakilala porini wasionekane. Hapo hakuna ukoo wala sare. Kuna mwindaji anayejificha.

Shahidi bora kuliko wote alikuwa mtu wa nyumbani. Martin Martin, mzaliwa wa kisiwa cha Skye, alitoa mwaka 1703 kitabu cha maelezo ya visiwa vya magharibi ya Uskoti. Anasema mirabaraba ilitofautiana kisiwa kwa kisiwa, hata mtu aliyezoea akiona shuka aliweza kukisia mvaaji anakaa wapi. Martin anataja mahali, wala hasemi lolote juu ya jina la ukoo. Kisha anatoa habari ambayo wauza skafu hawaitaji: wenye kazi hii walikuwa wanawake. Waliweka kijiti chenye hesabu ya kila uzi wa kila mstari, na kwacho waliweza kurudia kitambaa kilekile mwaka hadi mwaka. Walikuwa na vazi lao pia, arisaid, shuka jeupe lenye mistari michache lililofika kisiginoni na kufungwa kifuani kwa bizimu la fedha au shaba. Vitabu vya koo vilivyoandikwa karne iliyofuata vimejaa wanaume wenye mapanga, na mama mwenye kijiti hayumo.

Ingekuwa rahisi kusema basi kwamba sare za koo hazikuwako kamwe, ila karatasi zinazuia wepesi huo. Mwaka 1704 bwana wa ukoo wa Grant aliwaagiza wanaume wa himaya yake wajitengenezee mavazi ya tartani nyekundu na kijani, mistari mipana. Hiyo ni sare, tena ya amri. Lakini miaka kumi baadaye mchoraji Richard Waitt alipowachora watu wa ukoo huohuo, mpiga zumari wa bwana na shujaa wake wakiwamo, mirabaraba iliyotoka kwenye picha zake haikufanana. Agizo lilidumu kiasi cha agizo.

Halafu kuna habari ya Mwingereza na tanuri lake, ambayo Mskoti akitajiwa mezani huweka chini kijiko.

Thomas Rawlinson alikuwa Mkweka (Quaker) kutoka Lancashire. Katika miaka ya 1720 alikodi msitu wa Invergarry kutoka kwa mkuu wa ukoo wa MacDonell wa Glengarry, akajenga tanuri la kuyeyushia chuma kwa makaa ya miti. Wafanyakazi wake walikuja kazini na mashuka yao makubwa, yakawasumbua mbele ya moto na magogo. Inasemekana Rawlinson alilikata shuka katikati, sehemu ya juu ikaachwa, ya chini ikashonwa marinda ya kudumu. Ikapatikana feileadh beag, kilti ndogo, ile inayovaliwa harusini hadi leo. Aliyesimulia ni Ivan Baillie wa Aberiachan, katika barua aliyoiandika mwaka 1768 na iliyochapwa na gazeti la Edinburgh Magazine mwaka 1785.

Barua hiyo ilijulikana kwa watafiti muda mrefu, lakini aliyeifanya bomu ni Hugh Trevor-Roper, mwanahistoria wa Kiingereza, katika kitabu cha mwaka 1983 kuhusu mila zilizobuniwa, kilichohaririwa na Eric Hobsbawm na Terence Ranger. Trevor-Roper alifurahia waziwazi: vazi la kitaifa la Uskoti limebuniwa na Mwingereza, Mkweka, mwenye kiwanda, ili kuwatoa watu milimani na kuwaingiza kazini. Ameiandika kwa ustadi na kwa husuda. Udhaifu wake ni kuegemea barua ya mtu mmoja iliyoandikwa miaka arubaini baada ya tukio. Mtu yeyote mwenye shuka na mkanda angeweza kuacha nusu ya juu nyumbani bila kufundishwa na mwenye tanuri. Lililo hakika ni kwamba sheria ya mwaka 1746 inaitaja kilti ndogo kwa jina, kwa hiyo kufikia hapo ilikuwa imeshaenea kiasi cha kuwakera wabunge wa London. Mwaka uleule kitabu kilipotoka, katika majira ya kuchipua ya 1983, Trevor-Roper alizithibitisha shajara za Hitler kuwa za kweli, na baada ya muda mfupi zikabainika kuwa za kughushi. Waskoti hawajaacha kukumbushana.

Katika kitabu hichohicho Ranger aliandika sura juu ya Afrika ya kikoloni. Miaka minane kabla alikuwa ametoa kitabu kizima kuhusu ngoma ya beni, ile ya sare, vyeo na tarumbeta iliyoanzia pwani yetu na kusambaa bara. Miongoni mwa vyama vya beni vilivyoshindana Mombasa kimoja kilijiita Scotchi, jina lililochukuliwa kwa Waskoti. Haishangazi kwamba mtu aliyewatazama vijana wa pwani wakiigeuza nguo ya jeshi la mkoloni kuwa mashindano yao wenyewe aliona kitu alichokijua aliposoma habari za Edinburgh.

Turudi kwenye sheria, maana bila hiyo yaliyobaki hayaeleweki. Mwezi Agosti 1745 Charles Edward Stuart, mjukuu wa mfalme aliyepinduliwa, alipandisha bendera Glenfinnan na kukusanya koo kadhaa za Nyanda za Juu. Walifika hadi Derby, ndani ya Uingereza, wakarudi. Tarehe 16 Aprili 1746, kwenye uwanda wa Culloden, jeshi la serikali likawamaliza kwa muda usiofika saa moja. Bunge likaamua kuadhibu hata nguo. Kuanzia tarehe 1 Agosti 1747, mwanamume au mvulana yeyote katika Uskoti, asipokuwa askari wa mfalme, alikatazwa shuka, kilti ndogo, suruali za kubana za mirabaraba na koti la tartani. Kosa la kwanza ni kifungo cha miezi 6 bila dhamana. Kosa la pili ni kupelekwa kwenye mashamba ya ng'ambo miaka 7.

David Stewart wa Garth, afisa wa jeshi aliyeandika habari za Nyanda za Juu mwaka 1822, anaeleza jinsi watu walivyoichezea sheria hiyo. Wengine waliishona kilti katikati ya mapaja, ikawa suruali ya jina. Wengine, kwa kuwa sheria haikusema suruali ivaliwe sehemu gani ya mwili, waliitundika kwenye fimbo begani na kuendelea na safari.

Hata hivyo katazo liliuma. Lilidumu miaka 35, muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kuoa na kuzeeka kidogo bila kumwona baba yake ndani ya shuka. Lilipoondolewa tarehe 1 Julai 1782, kwa juhudi za chama kilekile cha London, mkulima wa kawaida hakulirudia. Alikwisha zoea suruali, na suruali ilikuwa rahisi. Waliolirudia walikuwa mabwana, na askari hawakuwa wameliacha hata siku moja.

Kwa askari ndiko tartani iliponusurika, na huko ndiko ilikogeuka sare ya kweli. Kikosi kilichojulikana kama Black Watch, kilichofanywa rejimenti mwaka 1739, kilivaa mirabaraba ya buluu nzito, kijani na nyeusi, mtu na mwenziwe sawa. Vita vya ng'ambo vilipohitaji watu, serikali ileile iliyofunga raia kwa kuvaa kilti iliwavalisha kilti maelfu ya vijana na kuwapeleka Amerika na India. Rejimenti mpya kadhaa zilichukua kitambaa cha Black Watch na kukitia mstari, mweupe, wa njano au mwekundu, zijitofautishe. Baadhi ya tartani zinazouzwa leo kama za koo ni hizo hasa, sare za jeshi zilizostaafu. Kutoka huko zumari za mifuko na mirabaraba zilifuata kila kambi ya Dola ya Uingereza. Oman hadi leo ina bendi za zumari hizo, nyingine zikipigwa juu ya ngamia, na Idi Amin, aliyepitia King's African Rifles, alipenda kujiita mfalme wa Uskoti.

Jeshi linahitaji muuzaji, na muuzaji alikuwa William Wilson wa Bannockburn. Kijiji hicho kiko Nyanda za Chini, nje kabisa ya Nyanda za Juu, na kuanzia miaka ya 1760 kampuni ya familia ya Wilson iliijaza Uskoti na makoloni kwa tartani. Mtafiti anayetaka kujua majina yalitoka wapi asiende kwenye ngome za milimani, aende kwenye karatasi za Wilson. John Telfer Dunbar, aliyetoa historia yake ya mavazi ya Nyanda za Juu mwaka 1962, alizisoma, na humo mambo yako wazi kama orodha ya duka, kwa kuwa ni orodha ya duka.

Wafumaji wa Bannockburn waliipa mirabaraba namba. Namba hazivutii mnunuzi, kwa hiyo baadhi yake ikapewa majina ya miji, ya watu mashuhuri, hata ya Robin Hood. Kisha wateja wakaanza kuulizia vitambaa vya ukoo, na Wilson, mfanyabiashara mwenye adabu, hakumrudisha mtu mikono mitupu. Kitabu cha kampuni cha mwaka 1819 kina vipimo vya mirabaraba zaidi ya 200, na majina ya koo yamo bega kwa bega na yale ya kubuni. Mfano unaouma zaidi ni wa MacPherson. Kwa maelezo ya Trevor-Roper, kitambaa alichouziwa mkuu wa ukoo huo, Cluny Macpherson, kama cha ukoo wake kilikuwa kimeitwa Kidd kabla, kwa sababu kiliuzwa kwa wingi kwa Bwana Kidd fulani awavishe watumwa wake katika visiwa vya Karibi. Kabla ya Kidd kilikuwa namba 155.

Mkuu wa ukoo na mtumwa wa shamba la miwa wamevaa robota moja. Habari hiyo haipo kwenye kadi inayoning'inizwa kwenye skafu.

Lord Macdonald hakuwa peke yake, basi, na kutojua kwake kulikuwa kwa heshima kuliko kujua kwa wengine. Kuna picha iliyochorwa mnamo mwaka 1749, ndani ya miaka ya katazo, inayodhaniwa kuwa ya William Mosman. Inaonyesha wavulana wawili wa ukoo wa Macdonald wa Sleat, mmoja na bunduki na mwingine na fimbo ya gofu, na wamevaa tartani za aina kadhaa, koti mbali, kilti mbali, kila kitu na mirabaraba yake. Yule mdogo alikua akawa Lord Macdonald wa kwanza. Aliyeandika barua ya mwaka 1815 ni mwanawe. Hata angeitazama picha ya baba yake ukutani asingepata jibu, maana ilikuwa na majibu mengi mno. Picha ya David Morier ya mapigano ya Culloden ni hivyohivyo: watu wanane wa Nyanda za Juu wanashambulia, na waliohesabu wanapata tartani zaidi ya 20, karibu kila mtu na mchanganyiko wake.

Mambo yakaharakishwa na ziara. Mwezi Agosti 1822 Mfalme George IV alishuka bandari ya Leith, mfalme wa kwanza kukanyaga Uskoti kwa zaidi ya miaka 170. Mtayarishaji wa sherehe alikuwa mwandishi Walter Scott, mtu wa Nyanda za Chini, akisaidiwa na yule Stewart wa Garth. Aliwataka wakuu wa koo waje na wafuasi wao wamevaa mirabaraba, na waungwana wa Edinburgh, ambao babu zao waliwaita watu wa milimani wezi wa ng'ombe, wakakimbilia kwa fundi cherehani. Wilson alielemewa na maagizo, ikabidi aongeze vitanda vya kufumia. Mfalme mwenyewe alinunua mavazi ya pauni 1,354 na shilingi 18, kilti ya tartani nyekundu, bastola na vito, na kwa kuwa miguu yake haikufaa kuonyeshwa alivaa soksi ndefu za rangi ya ngozi. Kilti ilikuwa fupi. Masimulizi ya mji yanamtaja bibi mmoja aliyesema kwamba kwa vile mfalme hakai sana, heri aonekane kadiri iwezekanavyo. Mwanahistoria Macaulay baadaye aliandika kwa kejeli kwamba mfalme alitaka kuwaheshimu Waskoti kwa kuvaa nguo ambayo, kabla ya muungano wa Uskoti na Uingereza, tisa kati ya kumi wao wangeiona ni nguo ya mwizi.

Pembeni ya shamrashamra hizo watu wenyewe walikuwa wanaondoshwa. Kondoo walilipa kuliko wapangaji, na mabonde yalikuwa yanafagiliwa. Alexander Ranaldson MacDonell wa Glengarry, aliyechorwa na mchoraji Raeburn mnamo mwaka 1812 akiwa na bunduki, kilti na kila pambo, na aliyeanzisha chama cha watu halisi wa Nyanda za Juu, alikuwa anawaondoa wapangaji wake mwenyewe. Mwenye vazi alibaki na vazi, na wenye lugha yake wakapanda meli za Kanada.

Wakatokea ndugu wawili. Walizaliwa na jina la Allen. Wakabadili tahajia, wakabadili tena, wakaishia kuwa John Sobieski Stuart na Charles Edward Stuart, wakidai baba yao alikuwa mtoto wa siri wa yule mwana mfalme aliyeshindwa Culloden. Walikuwa na sura nzuri, elimu, Kigaeli cha kujifunza na tabasamu la huzuni linalofaa wana wafalme. Lord Lovat aliwapa kisiwa cha Eilean Aigas katika mto Beauly, wakakaa humo kama kwenye kasri.

Walisema wanacho kitabu cha mkono cha karne ya 16, kilichopata kuwa mali ya John Leslie, askofu wa Ross, kinachoeleza tartani ya kila ukoo. Nakala ya zamani kuliko zote, walisema, baba yao anayo, na hairuhusiwi kuonwa. Mwaka 1829 Walter Scott aliulizwa maoni. Alijibu kwamba hati hiyo ipelekwe British Museum ikaguliwe na wajuzi. Akaongeza kwamba wazo la kutofautisha koo kwa tartani ni mtindo wa siku za karibuni tu. Ndiye yuleyule aliyeujaza mji wa Edinburgh mirabaraba miaka saba kabla, na alijua alichokifanya.

Scott akafa mwaka 1832. Mwaka 1842 ndugu wakachapa kitabu chao, Vestiarium Scoticum, chenye picha za rangi za tartani 75. Hazikuwa za Nyanda za Juu tu, bali hata za familia za Nyanda za Chini ambazo hazijawahi kuvaa shuka. Kilikuwa kitabu kizuri mno, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Mwaka 1847 jarida la Quarterly Review lilikichana vipandevipande. Ndugu wakahamia bara la Ulaya kwa muda, kisha wakarudi London, wakawa wanakwenda chumba cha kusomea cha British Museum na kalamu zilizonakshiwa vitaji vya dhahabu. Wamezikwa Eskadale, chini ya msalaba wa mawe wa mtindo wa Kigaeli.

Mwaka 1980 Donald C. Stewart na J. Charles Thompson walitoa kitabu kinachoichambua hati hiyo neno kwa neno na kumaliza ubishi wa kitaalamu. Ila biashara haikubishana tangu mwanzo. Mirabaraba mingi iliyobuniwa Eilean Aigas ilipokelewa na koo zilizohusika, ikafumwa, ikavaliwa vitani na kaburini, na leo inavaliwa na wajukuu wa wajukuu huko Nova Scotia na Australia. Kuna koo ambazo hazina nyingine. Mtafiti anayewaambia watu hao kwamba kitambaa chao ni cha uongo anawaambia nini hasa? Kina umri wa zaidi ya miaka 180, na wamewazika nacho baba zao.

Tangu mwaka 2009 kuna daftari rasmi la serikali, Scottish Register of Tartans, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mtu yeyote duniani analipa ada, anapeleka hesabu ya nyuzi, na akionekana hakuiga anaandikishwa. Hakuna anayemtaka mswada wa askofu.

Utafiti nao umehama kutoka kwenye hadithi hadi maabara. Ukichukua uzi mmoja wa shuka la karne ya 18 unaweza kutenganisha kemikali zake na kujua rangi ilitoka wapi. Kwa muda mrefu vitabu vilisema kila ukoo ulitumia mimea ya bonde lake. Mimea ilitumika kweli, pamoja na ule ukoko unaoota juu ya mawe na mkojo uliolimbikizwa kwenye mapipa ili kuyeyushia nili. Lakini nyekundu nyingi za kifahari zimeonekana kuwa za wadudu wanaokaushwa Meksiko, na nili ililetwa na meli. Shuka la mtu wa milimani aliyedhaniwa kujifungia mbali na dunia lilikuwa limebeba njia za biashara za bahari mbili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kipande kimoja, sentimita 55 kwa 43, kilitolewa kwenye kinamasi cha mboji katika bonde la Glen Affric. Kilikaa miongo bila kushughulikiwa. Kilipopimwa hatimaye, kwanza rangi, kikaonekana hakina dawa yoyote ya viwandani: kijani, kahawia, na pengine nyekundu na njano. Kisha kikapimwa kwa kaboni, na jibu lenye uwezekano mkubwa likawa kati ya mwaka 1500 na 1600. Ndiyo tartani halisi ya zamani kuliko zote zilizopatikana Uskoti. Ufumaji wake ni wa kukwaruza, nguo ya mtu wa kazi za nje, si ya bwana. Bonde lile lilikuwa la ukoo wa Chisholm, na waliokitangaza walijizuia kusema kwamba ni cha Chisholm.

Kilionyeshwa katika makumbusho ya V&A mjini Dundee kuanzia Aprili 2023. Mwaka uliofuata kiwanda kimoja cha Kiskoti kilihesabu nyuzi zake, kikaifuma mirabaraba hiyo upya na kuiingiza madukani. Inauzwa kwa jina la bonde.